Soko la Alfajiri Mtoni Martapura

Watu wa Banjarmasin huuita mji wao mji wa mito elfu. Ni hesabu ya kusifia, si ya kukagulia. Lakini atazamaye ramani ya kusini mwa kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia unaoitwa Kalimantan, haoni ajabu ya jina hilo. Mto Barito, ushukao kutoka milima ya kati ya kisiwa, unapita magharibi mwa mji ukiwa mpana mithili ya ghuba. Mto Martapura unauingilia kutokea mashariki. Baina ya hiyo miwili mna vijito, mahori na mifereji isiyo idadi, mingine imechimbwa na maji na mingine na majembe. Ardhi yenyewe ni tope na mboji, nayo iko chini mno, hata bahari inapojaa mito yote hurudi nyuma, na inapokupwa ikashuka tena. Nyumba zimesimamishwa juu ya nguzo, na katika nyumba za kale mlango wa mbele uliuelekea mto. Njia kuu ilikuwa maji; nchi kavu ilikuwa uani.

Katika nchi ya namna hiyo soko kuelea si kioja. Mwenye ndizi alikuwa na mtumbwi, mwenye samaki alikuwa na mtumbwi, na mnunuzi naye alifika kwa mtumbwi. Kupanda nchi kavu ili kuuziana kungekuwa kujitafutia tope bure. Wakakutana palipo rahisi kwa wote, napo ni midomoni mwa mito, kabla jua halijakaza na kuyanyausha majani ya mboga. Ndivyo lilivyozaliwa soko la Muara Kuin, pale kijito cha Kuin kinapoumwagikia Barito. Masimulizi ya wenyeji huliambatisha soko hilo na bandari ya karne ya 16 iliyoitwa Bandarmasih, yaani bandari ya Masih, mkuu wa Wamalay wa mahali hapo. Nusu ya kwanza ya jina hilo haihitaji mkalimani: ni neno la Kiajemi lile lile lililofika pwani ya Afrika Mashariki likawa bandari.

Hapo Kuin ndipo alipokimbilia Pangeran Samudera, mwana wa nasaba ya kifalme, alipogombana na mjomba wake aliyetawala juu mtoni. Masih na wakuu wenzake wa mito ya chini wakamuunga mkono. Dola ya Demak ya Java ikampelekea askari kwa sharti la kusilimu. Samudera akashinda, akasilimu, akaitwa Sultani Suriansyah. Tarehe 24 Septemba 1526 ndiyo inayosherehekewa hadi leo kuwa siku ya kuzaliwa mji. Msikiti wenye jina lake ungali Kuin, na kaburi lake halina umbali nao. Ushindi huo ulikuwa zaidi ya ushindi wa mpwa juu ya mjomba. Ulikuwa ushindi wa mdomo wa mto juu ya chanzo chake: tangu hapo aliyeishika bandari aliishika nchi nzima, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichoweza kutoka barani pasipo kupita mlangoni pake.

Na kilichotoka kilikuwa pilipili manga. Kwa ajili ya mbegu hizo nyeusi walikuja Wachina, kisha Waholanzi, kisha Waingereza, kila mmoja akitaka amfunge mwenzake mlango. Mwaka 1612 Waholanzi waliuteketeza mji, na masultani wakahamishia makao yao juu ya mto, upande wa Martapura. Lakini jambo la kutia fikira limo katika maandiko ya Wabanjar wenyewe. Hikayat Banjar, tarikh ya wafalme wao iliyoandikwa kwa Kimalay, inamweka mfalme wa kale akiwaonya raia zake wasilime pilipili ya kuuza nje, ila michache ya matumizi ya nyumbani. Hoja yake ni kwamba nchi ikishapanda pilipili kwa tamaa ya mali, chakula kitakuwa ghali, na maskani itaharibika. Wosia huo haukufuatwa. Pilipili ililimwa, ikaleta fedha, ikaleta na mizinga. Msomaji wa visiwa vya karafuu hahitaji kufafanuliwa jambo hili: naye anajua ni lini mchele wa kwao ulianza kuja na meli.

Hata hivyo si kila konde liligeuzwa. Katika karne ya 18 alirejea kutoka Makka mwanachuoni Sheikh Muhammad Arsyad al-Banjari, aliyezaliwa mwaka 1710 na kukaa katika Haramu mbili takriban miaka thelathini. Alifika kwao mwaka 1772. Baina ya 1779 na 1781 aliandika Sabilal Muhtadin, kitabu cha fiqhi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kwa lugha ya Kimalay na kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Waswahili utenzi na barua zao. Kitabu hicho ndicho kilicholipa jina jamii la msikiti mkuu wa Banjarmasin, uliojengwa katika miaka ya 1970 pale palipokuwa na ngome ya Waholanzi. Lakini Sheikh hakuwa mtu wa kalamu peke yake. Alipopewa ardhi ya Dalam Pagar, karibu na Martapura, aliikuta ya kinamasi. Akachimbisha mfereji wa kilomita kadhaa wa kuingizia na kutolea maji, na pori likawa majaruba ya mpunga. Mfereji huo waitwa hadi leo Sungai Tuan, mto wa Bwana. Katika historia ya soko la mtoni huenda mfereji huo una uzito kuliko vita vyote vya pilipili, maana soko hilo halikulishwa na bandari. Lililishwa na makonde.

Hili huonekana wazi kwa anayekwea mto. Soko kubwa lililobaki sasa si la Kuin bali la Lok Baintan, kijiji kilicho juu kidogo ya mji, kandoni mwa Martapura. Mgeni huamshwa kungali giza, akapanda klotok, mashua ya mbao yenye injini iliyopewa jina kwa mlio wake. Mashua huondoka adhana ya subuh, kama waitavyo wao, ingali ikijibizana kutoka msikiti hadi msikiti juu ya maji. Kwa muda unaokaribia saa nzima hupita chini ya madaraja, mbele ya nyuma za nyumba. Watu wako ngazini wakitia udhu, wakipiga mswaki, wakifua, wakiosha mchele. Baadaye nyumba hupungua na minazi ikazidi. Kutoka kila kijito huchomoza mtumbwi mmoja, kisha mwingine, bila haraka, yote ikielekea upande mmoja.

Mtumbwi huo ni jukung, na wapiga makafi ni wanawake. Huitwa acil, jina ambalo mtoto wa Kibanjar humwitia mdogo wa mama yake au wa baba yake, na ambalo hapo soko zima huwaitia. Vichwani wamevaa tanggui, kofia pana mfano wa kawa, iliyoshonwa kwa majani ya mnipa, jamii ya mnazi uotao katika maji ya chumvi chumvi. Wengine wamejipaka usoni unga wa mchele uliotiwa maji, mweupe, wa kuzuia jua. Mwanamke wa Pwani aijuaye liwa angewatambua kwa mbali, na yule wa Komoro mwenye msindanu wake zaidi.

Mitumbwi hukutana katikati ya mto, ikashikana ubavu kwa ubavu kwa mikono mitupu, na soko lote likaanza kuteremka na mkondo kama jamvi moja. Hakuna mahali maalumu pa mtu. Mumo machenza, ndizi, maembe ya msimu, majani ya mihogo, bilingani, samaki wa mtoni, mkaa, na vitumbua na vikeki viitwavyo wadai. Katika mitumbwi ya wauza wadai kulikuwa na desturi ya kijiti kirefu chenye msumari nchani: mnunuzi alikitwaa kwa mkono wake, akachoma keki aitakayo, akaila papo hapo, bila mtumbwi kumkaribia. Wauzaji wako namna mbili. Dukuh ni yule anayeuza cha shamba lake au la jirani yake; panyambangan ni yule anayenunua kwa dukuh akaenda kuuza kwingine. Bei ikishapatana, husemwa maneno mawili. Muuzaji husema jual, nimeuza. Mnunuzi hujibu tukar, ambalo kwa Kibanjar maana yake ni kununua. Kwa mpita njia ni adabu tu ya soko. Kwa aliyesoma madhehebu ya Shafii ni ijabu na kabuli, tamko la pande mbili linaloihalalisha biashara, likitamkwa juu ya fungu la machenza na mtu aliyeshika kafi kwa mkono wa pili.

Nyuma ya mitumbwi hiyo, ndani ya vijito, ndimo yalimo makonde. Wabanjar walijifunza zamani kulima kwa bamvua. Bahari inapojaa, haiingii shambani yenyewe. Huusukuma mto urudi, na maji matamu ya mto ndiyo yanayopanda vijitoni. Basi wakulima walichimba handil, mifereji ya ujirani iliyochimbwa kwa mikono ya pamoja, iyapokee maji hayo yanapopanda na kuyatoa yanapokupwa, yakiondoka na uchachu wa udongo wa mboji. Serikali ya Waholanzi, iliyokwisha kuufuta usultani mwaka 1860 katikati ya vita vya Banjar, ilichimbisha mwishoni mwa karne hiyo mfereji mkubwa wa Anjir Serapat, wa kuunganisha Barito na mto wa jirani. Ulikusudiwa vyombo, wakulima wakaufuata, wakaupasulia handil zao kulia na kushoto.

Mpunga wenyewe ni wa kustahimili. Mbegu huoteshwa kwanza mahali pa juu. Miche huhamishwa, ikatanuliwa. Huhamishwa tena, ikatanuliwa tena. Na ni mara ya tatu ndipo inapopandwa kondeni, mirefu na migumu, isizame. Magugu hufyekwa chini ya maji kwa tajak, upanga wa mpini mrefu. Hayachomwi: huviringwa yakawa kama mapira, yakaachwa yaoze, kisha yakatawanywa kuwa mbolea. Mavuno ni mara moja kwa mwaka. Wataalamu walioleta mbegu fupi za kuvunwa mara mbili walishangaa kuona zikikataliwa. Lakini mbegu fupi huzama, na mbegu ndefu humwachia mkulima miezi ya kufanya kazi nyingine. Juu ya matuta yaliyoinuliwa katikati ya majaruba hupandwa machenza. Hayo ndiyo yanayoonekana sokoni asubuhi. Yaani yule acil mwenye tenga la machenza hauzi biashara ya watu. Anauza tuta lake, lililoinuliwa kwa tope la mfereji uliochimbwa na babu zake.

Na yawezekana kwamba elimu hiyo ya mpunga na mtumbwi ilikwisha kuivuka bahari ya Hindi kabla Kuin haijawa bandari. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mmishonari na mwanaisimu wa Norwe, alionyesha kwamba lugha ya Bukini, yaani Madagaska, ina ndugu yake wa karibu kuliko wote katika bonde la Barito: Kimaanyan, lugha ya watu wakaao juu ya mto huo huo. Mwaka 2016 wachunguzi wa chembe za urithi waliwalinganisha Wamalagasi na makabila mengi ya Indonesia, wakakuta kwamba jamaa zao wa Kiasia walio karibu zaidi ni Wabanjar. Mwaka huo huo waakiolojia walichapisha habari za mabaki ya mimea ya zaidi ya miaka elfu: katika magofu ya Komoro na Bukini walikuta mchele wa Asia kwa wingi, ilhali magofu ya bara na ya visiwa vya karibu yalijaa mtama na uwele. Tena wapo wataalamu wengi waionao ngalawa, kwa marengu yake mawili ya ubavuni, kuwa ni mjukuu wa vyombo vya Kusini-Mashariki ya Asia. Jukung ya mtoni haina marengu, maana mto hauna mawimbi. Lakini mvuvi wa Nungwi au wa Shela akisimama asubuhi juu ya gati ya Lok Baintan hangeulizia kazi ya chombo kile.

Soko la Kuin halikufa kwa vita wala kwa amri. Katika miaka ya 1990 lilikuwa na sifa kubwa. Stesheni ya televisheni ya RCTI ya Jakarta ililitumia katika tangazo lake, na Indonesia nzima ikamjua mama mchuuzi akitabasamu mtumbwini na kuinua kidole gumba. Lakini wakati huo huo barabara zilikuwa zikifika. Mwaka 1997 lilifunguliwa daraja la Barito, lenye urefu unaopita kilomita moja, na ng'ambo ya mto ikawa mwendo wa dakika chache kwa pikipiki. Mwenye duka hakungoja tena mtumbwi. Mboga zilimfikia mlangoni kwa gari. Nyumba mpya zilijengwa zikiuelekea mtaa, na mto ukawa uani. Wachuuzi wa Kuin wakapungua mwaka hadi mwaka, hata wakawa wa kuhesabika. Baadaye wakuu wa mji walianzisha soko la mitumbwi katikati ya Banjarmasin, kando ya ukuta wa mto, kwa siku za mwisho wa juma. Mitumbwi hufungwa hapo kwa kamba, na wanunuzi husimama juu nchi kavu. Ni pahala pazuri pa kutembea na watoto. Soko lililofungwa kamba, hata hivyo, limekwisha kuwa soko la barabarani lenye maji chini yake.

Lok Baintan halijafika huko, ingawa mashua za wageni wakati mwingine huzidi mitumbwi. Hatari yake ya karibu huenda si wageni bali mto. Misitu ya juu imekatwa kwa ajili ya makaa ya mawe na michikichi, na majahazi ya makaa hushuka Barito usiku na mchana. Januari 2021, mvua kubwa zilipoanguka, maji yaliifunika sehemu kubwa ya Kalimantan Kusini, na watu wapatao laki moja na zaidi waliyahama makazi yao. Serikali ilitaja mvua, watetezi wa mazingira wakataja mashimo ya migodi. Makonde ya bonde la Martapura, yaliyokuwa yamezoea maji kupanda na kushuka, yalikaa chini ya maji yasiyoshuka.

Wageni nao wameleta jambo lao, linalowahusu wapenzi wa mashairi. Mashua yao ikikaribia, acil huidaka kwa mkono, akamtazama mgeni usoni, akamwimbia pantun. Pantun ni ubeti wa mishororo minne wenye vina vya kupokezana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mishororo miwili ya mwanzo hutaja kitu cha machoni, ndege, mto, au tunda. Miwili ya mwisho ndiyo yenye neno. Ya mwanzo huitwa sampiran, yaani kitundikio, na ya mwisho isi, yaani kilichomo. Mjuzi wa shairi la Kiswahili, aliyezoea kuliona neno likisogea kutoka ukwapi hadi utao, ataiona hesabu ya mizani na vina humo, lakini ataona na tofauti: hapa picha hutangulia bila kueleza imekuja kufanya nini, na masikio hungoja kina kabla akili haijangoja maana. Mwaka 2020 UNESCO iliiandika pantun katika urithi wa wanadamu, kwa ombi la pamoja la Indonesia na Malaysia.

Wapo wanaonung'unika kwamba pantun za Lok Baintan zimekuwa za kuuzia machenza. Mama huzisema zile zile kwa kila mashua, humtania mgeni kwa mapenzi ya uongo, na mwisho humwomba anunue. Manung'uniko hayo yana haki kidogo. Ubeti unaorudiwa kila asubuhi kwa mtu asiyeijua lugha huchakaa. Lakini pantun haikuzaliwa kabatini. Iliposea watu, iliamua ugomvi, ilitongoza, ilifanya kejeli. Ni ajabu gani ikiuza tunda? Mashairi mengi ya pwani ya Waswahili yaliishi kwa kazi namna hiyo, ngomani na arusini, na yaliyokosa kazi ndiyo yaliyokosa wasemaji. Tena acil akiona mgeni ameelewa, yaani ni Mbanjar wa mjini au Mmalay wa ng'ambo, huiacha ile ya kila siku akatunga nyingine papo hapo, na akijibiwa kwa pantun hupunguza bei.

Jua likishapanda juu ya minazi, wapata saa tatu za asubuhi, klotok za wageni hugeuza pua kurudi mjini. Jamvi la mitumbwi linaanza kufumuka. Ndipo wale waliobaki wanapoangaliana makapu. Aliyebakiwa na ndizi humsogelea aliyebakiwa na samaki. Mwenye machenza mengi humtazama mwenye mchicha. Kitu hutoka mtumbwi huu kikaingia ule, fungu kwa fungu, kwa kukadiria kwa macho, na pesa haionekani. Kwa Kibanjar huitwa bapanduk. Halipigwi picha sana, kwa kuwa wapigaji wamekwisha kuondoka. Kisha kila mmoja hushika kafi lake, akaingia katika kijito chake, kabla maji hayajakupwa mno akashindwa kufika ngazini.